Sauti ya baba isipotee

Pole sana, mdogo wangu. Umesema baba alifariki mwaka jana na sasa unaogopa kuisahau sauti yake. Nakuelewa. Baba yangu alivua dagaa Igombe, huku Mwanza ziwani. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa namwona akifuta kioo cha karabai kwa kipande cha kanga ya mama, taratibu, kabla jua halijazama.

Zile sauti alizokutumia WhatsApp zihamishie kwenye flashi leo hii. Simu ikiibiwa, basi. Kisha wafuate rafiki zake pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, uwarekodi wakimsimulia. Mimi nilichelewa, nikamkuta mmoja tu.

Ila kama wiki kadhaa sasa hulali wala huli, nenda hospitali ya Bugando ukamwone daktari wa afya ya akili.