Mpangilio wa Kazi Ndio Unaookoa Muda katika Usafi wa Kina wa Magari

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeosha magari mjini Morogoro aliniandikia akitaka kujua anunue mashine gani ili afanye usafi wa kina wa magari mawili kwa siku badala ya moja. Najua wengi mnaonisoma mna shabaha hiyo hiyo, kwa hiyo namjibu hadharani: mashine uliyonayo inatosha, kwani muda wako unaliwa na kusubiri vitu vikauke na kufuata vifaa huku na kule.

Kazi hii nilijifunzia Sinza, Dar es Salaam, chini ya mwajiri aliyeamini kwamba asiyeinama na brashi hafanyi kazi. Nilipomshauri tuanze na viti vya kitambaa asubuhi, ili vikauke wakati tunashughulikia bodi, alinijibu mbele ya wateja kwamba mimi ni mvivu ninayetafuta kazi laini. Maneno yale yananichoma hadi leo, kwa sababu wateja waliendelea kukabidhiwa magari yenye viti vibichi, na kwa joto na unyevu wa Dar kapeti iliyofungiwa ndani bila kukauka haichelewi kunuka ukungu. Mpangilio alioudharau ndio ulioniwezesha kusimama mwenyewe, na mwezi uliopita wenye magari ya kukodisha wamenikabidhi magari yao yote.

Gari likifika, nalizunguka pamoja na mwenyewe na kupiga picha kila mkwaruzo, jambo linaloniepusha na mabishano ya jioni. Kisha natoa kapeti za miguuni na kuvuta vumbi kabla tone la maji halijagusa kitambaa, kwa maana vumbi likilowa ni tope, nalo hushikamana na nyuzi. Hapo ndipo navisugua viti kwa dawa, nanyonya maji yake, nafungua milango yote na kuelekeza feni ndani.

Feni ikiendelea na kazi yake, mimi nipo kwenye rimu, ambazo lazima zitangulie bodi kwa kuwa zimebeba vumbi la breki na uchafu wake hurukia milango. Bodi huoshwa kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu mchanga mwingi umekaa chini ya milango, na kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Fanya yote hayo kivulini. Bati likiwa la moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza, na maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa ya mviringo ambayo kuyaondoa kutakulazimu kupiga polishi ambayo mteja hakuilipia.

Taulo nazo zina siri yake. Taulo ya maikrofaiba ikunje katikati, kisha ikunje tena, nawe utapata nyuso nane safi za kutumia kwa zamu, bila kukimbilia taulo nyingine kila baada ya mlango. Zifue peke yake, mbali na vitambaa vya pamba vinavyoacha nyuzi, wala usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huzifanya zisinyonye maji.

Vijana wenzangu, mpangilio ni heshima kwa mteja na kwa mgongo wako mwenyewe. Dawa, brashi na taulo vikae kwenye ndoo moja unayotembea nayo, na simu ikae mbali na mikono yako mpaka gari litoke. Tena usikubali kupangiwa muda na mtu asiyejua kitambaa kinavyokauka. Anayeleta gari saa nne asubuhi na kulitaka saa saba mchana, mwambie wazi kwamba viti havitakuwa tayari kabla ya jioni. Akikataa kusubiri, mwoshee bodi, vuta vumbi la ndani, umtoze bei ya kazi hiyo tu, na viti mpangie siku nyingine.