Amefumbua macho: je, anajitambua?

SWALI: Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 24, aligongwa akiwa kwenye bodaboda hapa Uyole, Mbeya, akaumia kichwa. Leo ni siku ya 22. Anafumbua macho, na mama akimshika mkono anaubana. Muuguzi wa mchana anatuambia tusikate tamaa. Wa usiku anasema kubana huko hakuna maana, tujiandae. Tumwamini nani?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mama pole zangu.

Kufumbua macho si sawa na kujitambua. Shina la ubongo likirudia kazi yake, mgonjwa huanza kulala na kuamka hata kama sehemu za juu, ambazo ndizo za kuelewa, bado hazijaamka. Hata katika kipimo cha Glasgow, kinachopima kiwango cha kujitambua kwa alama 3 hadi 15, macho hupewa alama zisizozidi 4, ilhali mwitikio wa viungo hupewa hadi 6. Kuhusu mkono, muuguzi wa usiku hajakosea: kiganja kikiguswa, vidole vinaweza kujifunga vyenyewe, kama vya mtoto mchanga. Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kuruka kutoka hapo hadi kwenye "jiandaeni". Mwongozo wa wataalamu wa neva wa Marekani wa mwaka 2018 unawataka wahudumu, katika siku 28 za mwanzo, waepuke kauli za kuonyesha kwamba wagonjwa wa namna hii wote hawana mwelekeo mzuri.

Basi mpimeni kwa kuachia, si kwa kubana. Mama amwambie, "Niachie mkono," kisha anyamaze na kusubiri, maana ubongo uliojeruhiwa huchelewa kujibu. Amwambie pia atoe ulimi. Kama nyumbani mnazungumza Kinyakyusa, aseme kwa Kinyakyusa. Huenda maagizo yote ya wodini yametolewa kwa Kiswahili. Sogezeni kioo taratibu mbele ya uso wake, kwa kuwa wengine huanza kufuata sura yao wenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Rudieni asubuhi na jioni, kwani homa, maambukizi au dawa za usingizi humrudisha mgonjwa nyuma kwa siku nzima. Kila jambo liandikwe kwenye daftari pamoja na saa, hata pale asipojibu.

Wauguzi wenu, nadhani, wanajibu maswali mawili tofauti: mmoja anazungumzia kuzinduka, mwingine anazungumzia kurudi alivyokuwa. La kwanza bado liko wazi. Waliojeruhiwa kwa ajali huendelea kupata nafuu kwa miezi mingi, na wachache hata baada ya mwaka. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu wengi wanaozinduka hubaki na usahaulifu, hasira za ghafla au udhaifu wa upande mmoja. Nisingependa mlisikie hilo kwa mara ya kwanza siku ya kuruhusiwa.

Kwa hiyo msimuulize muuguzi kama atapona. Mpeni daftari, mkamuulize: "Wiki hii amefanya nini ambacho wiki iliyopita hakukifanya?" Hilo wote wawili, wa mchana na wa usiku, wanaweza kulijibu.