Uvimbe adimu kwa panya wa maabara: je, ni dawa?

SWALI: Katika jaribio letu la miaka 2, panya dume 3 kati ya 50 waliopewa dozi kubwa wamekutwa na uvimbe wa tezi ya Zymbal, iliyo chini ya sikio. Kundi linganishi la dume 50, wasiopewa dawa, halina hata mmoja. Takwimu zinasema tofauti si ya maana. Tuandike kwamba umezuka wenyewe, tufunge faili?

JIBU: Msifunge bado. Kipimo cha takwimu cha Fisher, cha upande mmoja, kwa 3 dhidi ya 0 hutoa p (uwezekano wa kupata tofauti hiyo kwa bahati tu) ya 0.12, lakini hata 4 dhidi ya 0 haishuki chini ya kikomo cha kawaida cha 0.05, lazima wafike 5. Kwa uvimbe adimu, panya 50 ni wachache mno kutegemea kipimo hicho peke yake.

Fungueni kumbukumbu za makundi linganishi ya miaka iliyopita: panya wa ukoo uleule, jinsia ileile, chakula kilekile, maabara yenu. Tezi hii hupata uvimbe wenyewe kwa nadra sana, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Kumbukumbu zikionyesha asilimia 0.5, uwezekano wa kukuta panya 3 au zaidi kati ya 50 ni kama 2 kwa 1,000. Angekuwa mmoja tu, tungewaambia mtulie, maana uwezekano wa kumkuta angalau mmoja ni asilimia 22. Tena tezi hii inajulikana kuitikia kemikali. Benzini ni mfano.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni ile sifuri yenu. Maabara nyingi huikata tezi ya Zymbal vipande vya kutazama kwa hadubini pale tu uvimbe unapoonekana kwa macho. Ikiwa ndivyo mlivyofanya, kundi linganishi halijachunguzwa. Rudini kwenye vichwa vilivyohifadhiwa vya makundi yote, dozi za kati zikiwemo. Kateni vipande vyembamba vya masikio yote mawili, usawa uleule kwa kila panya. Mfupa wa sikio ulainishwe kwanza kwa EDTA (kemikali inayotoa kalsiamu kwenye mfupa) au asidi ya fomiki. EDTA huchukua wiki kadhaa, ila hulinda seli vizuri. Mkiharakisha kwa asidi kali, rangi haitashika sawasawa na kiini cha seli hakitasomeka. Msomaji wa slaidi asijue panya ametoka kundi gani.

Angalieni pia uzazi. Kuna uvimbe wa figo wa panya ambao huzuka kwa ndugu wa familia moja, mara nyingi figo zote mbili, wakiwa bado wadogo. Kwa huo, dawa hailaumiwi. Kama panya wenu 3 ni wa mama mmoja, liandikeni hilo kwenye ripoti, pamoja na wiki ya kifo na upande wa sikio.