Kabla Hujasambaza Mfumo Wako Ofisi Nzima, Panga Leseni

Vijana wengi wanaoniomba ushauri huwa wameshamaliza kazi. Mfumo wa mikopo wa SACCOS umekamilika, fomu zinapendeza, ripoti zinatoka, mwenyekiti ameridhika. Kisha mhasibu anauliza, "Na hizi kompyuta nyingine tisa, tunalipia nini?" Bei imeshakubaliwa, mkataba umeshasainiwa, na jibu halipo. Natengeneza mifumo ya aina hii kwa SACCOS, zahanati na shule, na suala la leseni nalileta mezani siku ya kwanza, kabla hata sijauliza wanachama ni wangapi.

Nianze na Microsoft Access, programu ya kutengenezea hifadhidata na fomu zake, maana wengi wetu tumejifunzia huko. Anayehitaji Access kamili ni wewe unayetengeneza. Wanaotumia tu wanawekewa Access Runtime, toleo la kuendeshea mfumo bila kuutengeneza, ambalo Microsoft inalitoa bure tangu Access 2007. Zamani haki ya kuisambaza ilikuja na vifurushi vya kulipia vya watengenezaji. Kwa hiyo ofisi yenye kompyuta kumi haihitaji leseni kumi za Access. Inaniuma kukuta taasisi ya watu imejazwa Office ya kukraki kwenye kila mashine ili karani afungue fomu tatu, na njia halali ipo, haina hata senti.

Ila Runtime ina tabia zake. Mtumiaji haoni orodha ya majedwali wala hawezi kugusa muundo, na hiyo kwangu ni heri. Tatizo ni makosa ya kodi, yaani maagizo ya programu unayoyaandika. Kwenye Access kamili, kosa ambalo hukulishughulikia linaleta kisanduku, unaingia, unarekebisha. Kwenye Runtime programu nzima inajifunga. Mfikirie karani wa dirishani: mwanachama amesimama mbele yake na pesa ya marejesho mkononi, tarehe imeandikwa vibaya, mara mfumo unatoweka kwenye skrini. Kila kipande cha VBA, lugha ya kodi ya Access, kiwe na On Error yake, agizo la kushughulikia kosa, na ujumbe unaotokea uwe wa Kiswahili ambacho karani yule anakielewa. Kujaribu ni rahisi: nakili faili lako, badilisha mwisho wa jina kutoka .accdb kuwa .accdr, lifungue. Access yako italifungua kana kwamba ni Runtime. Fanya hivyo mara kwa mara kazi ikiendelea.

Siku ya kusakinisha angalia pia kama kompyuta ina Office ya biti 32 au 64, kwa sababu Runtime lazima ifanane nayo. Na folda ya mfumo isajiliwe kwenye rejista ya Windows kuwa mahali pa kuaminika. Usipofanya hivyo, onyo la usalama litamfuata mtumiaji kila asubuhi, na ndani ya Runtime hana pa kwenda kuliondoa.

Data ikae peke yake kwenye kompyuta inayotumika kama seva, fomu zikae kwenye kila mashine zikiwa .accde, faili ambalo kodi yake haisomeki. Faili la Access lina ukomo wa GB 2, na kwenye karatasi linapokea watumiaji 255. Usiitegemee hiyo namba ya pili. Kwenye ofisi zenye Wi-Fi ya kukatikakatika, faili huharibika mapema sana.

Hapo ndipo nahamishia data SQL Server Express, hifadhidata ya Microsoft inayoendeshwa kwenye seva. Ni ya bure, unaruhusiwa kuisambaza pamoja na mfumo wako, na hadi toleo la 2022 kila hifadhidata inabeba GB 10. SACCOS ya wilaya itakaa humo miaka mingi, mradi picha za vitambulisho uziweke kwenye folda ya nje. Haina SQL Server Agent, chombo cha kupangia kazi za kujiendesha, hivyo nakala za akiba zipangie ratiba kwa Task Scheduler ya Windows. Mteja akikua na kuhitaji toleo la Standard, atachagua kati ya kulipia seva pamoja na CAL (leseni ya kuunganishwa na seva) kwa kila mtumiaji au kifaa, au kulipia kwa kori za prosesa, zisizopungua nne. Wapo wanaoamini kwamba programu ikiwaunganisha watu hamsini kwa jina moja la kuingilia, CAL moja inatosha. Haitoshi. Microsoft inahesabu watu au vifaa vilivyoko mwisho wa mnyororo.

Kwa hifadhidata za chanzo huria, ambazo kodi yake iko wazi kwa wote, soma leseni ya kila moja. SQLite ni mali ya umma, funga na programu yako uuze. PostgreSQL inataka tu tangazo la hakimiliki lake libaki. Firebird, iliyotokana na InterBase ya Borland mwaka 2000, nayo inakuruhusu kuuza mfumo bila kufungua kodi yako. MySQL ni tofauti: toleo lake la bure liko chini ya GPL, leseni inayodai kodi iwe wazi ukisambaza. Kulitumia ndani ya ofisi hakuna neno, lakini ukilipakia pamoja na programu yako yenye kodi ya siri na kuuza kama kifurushi kimoja, ama unafungua kodi yako ama unanunua leseni ya biashara kutoka Oracle, wamiliki wa MySQL. Ndiyo maana kwa kazi za kuuza nachukua PostgreSQL.

Imebaki leseni unayotoa wewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, basi andikeni wazi kodi ni ya nani. Mimi natoza kwa taasisi, sihesabu mashine. Ukihesabu mashine, watu watabanana watano kwenye kompyuta moja, kazi izorote, na lawama zirudi kwa mfumo. Faili la .accdb lenye kodi nalikabidhi kwa wakili wa taasisi likiwa limefungwa kwa lakiri, lifunguliwe nikifa au nikishindwa kuwahudumia. Na kifungu nisichokubali kiondolewe ni hiki: leseni ikiisha, mfumo utaacha kupokea miamala mipya, lakini kusoma, kuchapisha na kutoa data yote kwenda Excel kutabaki wazi. Akiba zile ni za wanachama.