Dario na himaya ya Uajemi: majibu kwa maswali yenu

Baada ya kumzungumzia Koreshi, mwasisi wa himaya ya Uajemi, wengi mmeuliza habari za Dario, aliyetawala kuanzia 522 hadi 486 K.K. Haya machache yawatoshe kwa leo.

Huyu ndiye Dario wa kwenye Biblia?

Wa Ezra na Hagai, ndiyo. Ndiye aliyeamuru ujenzi wa Hekalu la Yerusalemu usizuiwe na gharama zitoke kwenye kodi ya ng'ambo ya Mto, yaani Frati. Dario Mmedi wa Danieli ni habari nyingine. Nje ya kitabu hicho wanahistoria hawajampata.

Alipataje kiti ilhali hakuwa mtoto wa Koreshi?

Kwa kumwaga damu. Kambise, mwana wa Koreshi, alifariki akiwa njiani kutoka Misri, na mdogo wake Bardia alikuwa ameshajitangaza mfalme. Dario na wenzake sita wakamuua, kisha Dario akadai kwamba marehemu hakuwa Bardia bali tapeli mmoja, kuhani aitwaye Gaumata. Madai hayo aliyachonga kwa lugha tatu kwenye mwamba wa Bisitun, magharibi mwa Iran ya leo, kwa hiyo hapo tunamsikiliza mshindi akijitetea. Mimi simwamini. Baba yake na babu yake walikuwa bado hai alipotawazwa. Hata kama kiti kilikuwa cha ukoo wao, zamu haikuwa yake. Akamwoa Atosa, binti Koreshi, labda kuziba watu midomo. Haikutosha: uasi ulizuka kila upande, na kwa maneno yake mwenyewe alipigana vita 19 na kukamata wafalme 9 ndani ya mwaka mmoja.

Aliongeza nchi ngapi?

Chache ukimlinganisha na Koreshi. Upande wa mashariki alipata bonde la Indus; magharibi Thrakia, na Makedonia ikakubali kuwa chini yake, zote mbili kaskazini mwa Ugiriki. Waskiti, wafugaji wa kuhamahama wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi, walimzungusha nyikani mpaka akarudi mikono mitupu.

Basi ukuu wake uko wapi?

Kwenye hesabu. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Waajemi walimwita Koreshi baba, Kambise bwana, na Dario mchuuzi. Ni kejeli, lakini mchuuzi huyo ndiye aliyeifanya himaya idumu karne mbili. Zamani watu walileta zawadi tu. Dario akagawa nchi katika majimbo 20, kila moja na liwali wake na kiwango chake cha kodi. Jimbo la Babeli lilitoa talanta 1,000 za fedha kwa mwaka, yaani takriban tani 30, pamoja na wavulana 500 waliohasiwa. Tukimsifu kwa utaratibu, tusiwasahau hao. Waajemi wenyewe hawakutozwa.

Ili liwali asijione mfalme, wakaguzi walitumwa kumchunguza. Kati ya Sardi, magharibi mwa Uturuki ya leo, na Susa, mji wa kifalme nchini Iran, kiasi cha kilomita 2,500, kulikuwa na barabara yenye vituo 111, na matarishi walipokezana barua kwa farasi wapya wa kila kituo. Hata posho za vibarua wa Persepolis, mji wa kifalme wa Dario, ziliandikwa kwenye vibao vya udongo: mama aliyejifungua mvulana alipewa mara mbili ya aliyejifungua msichana.

Ni kweli alichimba Mfereji wa Suez?

Si huu wa 1869. Wake uliunganisha Mto Nile na Bahari ya Shamu, na mawe yenye maandishi yake yameonekana kando ya njia hiyo.

Mbona Wagiriki walimshinda Marathoni, karibu na Athene?

Walilishinda jeshi lake, mwaka 490 K.K.; mwenyewe hakuwepo. Kwa Athene ulikuwa ushindi wa kujivunia vizazi na vizazi, ila himaya haikupoteza hata jimbo moja siku ile. Dario akaanza kuandaa jeshi kubwa zaidi. Kabla halijaondoka, Misri ikaasi, naye akafa mwaka 486 K.K., akimwachia mwanawe Kserkse vita vyote viwili.