Mteja aliyeuliza bei akaondoka bado ni mteja wako

Wenye karakana za kuchomelea hapa Mtwara tuna lalamiko moja: watu wanauliza bei tu. Mtu anaingia, anashika geti, anaulizia grili, anasema "nitarudi", basi. Mimi natengeneza hivyo vyote viwili, na naamini wengi wao husema kweli. Shida ni kwamba pesa ikipatikana, humkumbuka yule aliyewakumbuka.

Na pesa ya huku ina msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye zao hili mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo wake AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unauzwa mnadani, ndipo malipo yanaingia benki. Katikati hapo kuna kusubiri. Anayeulizia bei Agosti anapiga hesabu zake mapema, hakupotezei muda. Ukimbana Septemba utamkera. Subiri chama chake kilipwe.

Ndiyo maana kwenye daftari, jina na namba ya simu havitoshi. Andika na lini. Mstari wangu mmoja unasomeka hivi: "Mzee wa Nanyamba, boma limefika lenta, madirisha sita, futi nne kwa tano, anasubiri mnada, apigiwe jioni." Jioni, kwa sababu mchana yuko shambani.

Nyumba nayo inakupa tarehe. Boma likiwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, usimwambie habari za grili. Akili na pesa zote ziko kwenye mbao na mabati. Akishapaua, kabla fundi hajapiga plasta, hapo ndipo pako. Grili inachimbiwa ukutani na plasta inafunika miguu yake, na hakuna anayependa kubomoa ukuta uliokwisha kulainishwa. Nafasi hiyo ni fupi, ukizubaa anachukua kwa mwingine.

Nani anajua kwamba mzee ameshapaua? Fundi uashi. Kwangu huyo ana faida kuliko bango lolote la barabarani. Akikuletea mteja, mpe chake siku ileile unayolipwa, bila kumzungusha.

Kwa mtu mzima, piga simu. Msalimie, muulize hali ya nyumbani na shamba, kisha sema: "Shikamoo baba. Ni yule fundi wa mageti wa mjini, ulikuja kuulizia madirisha sita. Umeshapaua? Nije nipime, kupima ni bure." Kwa vijana WhatsApp inatosha, lakini usimwagie mtu picha ishirini. Tuma moja, ya geti linalofanana na lile alilolishika.

Kitu kingine ambacho wengi wanakipuuza: namba ya mteja ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana hata sisi wenye daftari la karatasi. Mwombe ruhusa ya kumpigia, na muuza mabati akikuomba orodha yako, mnyime hata kama ni rafiki.

Asiyepokea, mpigie tena siku nyingine, mtumie ujumbe mmoja, kisha mwache apumue. Usimfute. Januari ada na sare za shule hula pesa za watu, na ujenzi mwingi husimama hadi korosho zinazofuata. Hao nawahamishia ukurasa wa msimu mpya, juu kabisa, na malipo ya kwanza yakitoka ndio ninaoanza nao.