Kusoma Kuta za Kanisa Kongwe la Kiingereza: Ushauri kwa Wanafunzi Wapya

Wengi wenu mnaofika England kujifunza historia ya majengo mtaanza kwa kuuliza kanisa fulani la parokia lilijengwa mwaka gani. Nawasihi mliahirishe swali hilo. Kanisa lililotumiwa kwa miaka elfu moja na zaidi limebomolewa, likapanuliwa, likatobolewa madirisha na kuezekwa upya mara nyingi, kiasi kwamba kila kipande cha ukuta kina umri wake. Swali lenye faida ni hili: sehemu ipi ilitangulia, na ipi ilikuja baadaye kuikata au kuiegemea?

Pa kujifunzia jambo hili vizuri, kwa maoni yangu, ni kanisa dogo la Escomb, katika jimbo la Durham, kaskazini mwa England. Hakuna hati inayotaja lilijengwa lini. Wataalamu huliweka katika karne ya 7 kwa kulilinganisha na majengo mengine ya eneo hilo, na ushahidi wao mnaweza kuutazama wenyewe bila kufungua kitabu. Kabla ya kuingia ndani, lizungukeni kwanza kwa nje. Ukumbi wa waumini ni mrefu na mwembamba, takriban mita 13 kwa mita 4 na kidogo, na kuta zake zimepanda juu kuliko mtu angetarajia kwa upana huo. Umbo hilo ni la kawaida katika makanisa ya Waanglo-Saksoni, watu walioitawala England kabla ya 1066, wa upande wa kaskazini. Mawe yake ni makubwa, yamechongwa vizuri, na baadhi yana alama za patasi ambazo si za waashi wa kijiji. Yalichukuliwa kwenye ngome ya Warumi ya Binchester, iliyo karibu. Juu katika ukuta wa kaskazini liko jiwe lenye herufi LEG VI, alama ya Lejioni (kikosi kikubwa) ya Sita ya jeshi la Kirumi, nalo limewekwa kichwa chini miguu juu. Yeyote aliyelipanga hapo alihitaji jiwe imara, na maandishi hayakumhusu.

Kisha tazameni madirisha. Yale madogo yaliyo juu, membamba kwa nje na yanayopanuka kuelekea ndani, ni ya wajenzi wa kwanza. Yaliyo makubwa zaidi, yenye ncha juu, yalitobolewa karne ya 13, na mengine yaliongezwa karne ya 19. Hapo ndipo kanuni yetu inapofanya kazi, kwa kuwa kinachokata lazima kiwe kimekuja baada ya kilichokatwa. Chunguzeni kingo za kila dirisha: mkiona mawe ya ukuta yamekatwa ghafla na kuzibwa kwa vipande vidogo na chokaa, basi dirisha hilo ni geni ukutani hapo. Mwaka 1863 kijiji kilipata kanisa jipya, na hili la kale likaachwa hadi paa likaharibika, kabla ya kukarabatiwa kati ya 1875 na 1880. Naamini kwamba kilicholiokoa kwa karne nyingi ni kukosekana kwa tajiri wa kulijenga upya.

Mitindo ya matao mtaizoea haraka. Tao la nusu duara lenye nguzo nene kwa kawaida ni la Wanormani, waliovamia England kutoka Ufaransa, baada ya 1066. Tao lenye ncha huanza mwishoni mwa karne ya 12. Na madirisha mapana yenye mistari mingi ya wima ni ya katikati ya karne ya 14 na kuendelea. Lakini msiitegemee mitindo peke yake, kwa sababu wajenzi wa karne ya 19 waliiga yote kwa ustadi mkubwa.

Maandishi ya ukutani nayo yanahitaji tahadhari. Katika kanisa la Jarrow, eneo hilohilo la kaskazini, lipo jiwe la uzinduzi la mwaka 685, lakini ukumbi mkubwa wa waumini ni wa miaka ya 1860. Waliosoma historia ya pwani yetu watakumbuka msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao maandishi yake ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yanataja mwaka unaolingana na 1107, ilhali sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Jiwe hushuhudia umri wake tu.

Hati zifuateni baada ya kuta. Rejista za ubatizo, ndoa na mazishi ziliamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538, na nyingi sasa hutunzwa katika ofisi za kumbukumbu za majimbo. Kwa anayechunguza jengo, hata hivyo, hesabu za wazee wa kanisa zina utajiri zaidi, maana ndimo yalimoandikwa malipo ya fundi, madini ya risasi ya kuezekea paa, mbao na kengele. Katika utawala wa Mfalme Edward VI, kuanzia 1547, picha za watakatifu zilizochorwa ukutani ziliamriwa kuondolewa, na parokia nyingi zikazifunika kwa chokaa. Mkikuta katika hesabu za miaka hiyo malipo ya chokaa na ujira wa fundi wa kupaka chokaa, rudini kanisani mchana wenye mwanga wa kutosha, mkatazame kila mahali tabaka lilipobanduka, bila kugusa kitu chochote.